Jinsi ya Kuitumia Bustani ya Mimea Kupanga Bustani ya Nyumbani: Mwongozo Kamili

Kitaluni kila mmea ni mtoto. Mche wa mti utakaofika mita 20 na mche wa kichaka kisichovuka kiuno husimama bega kwa bega kwenye mifuko inayofanana, majani yanang'aa, na muuzaji anakuhakikishia kwamba yote miwili haina usumbufu. Unaipanda hatua moja baina yake. Miaka inapita, mmoja unamfunika mwenzake, mizizi inainua sakafu ya baraza, na hapo ndipo msumeno unaazimwa kwa jirani.

Kwa sababu hiyo nawashauri watu wanaopenda kupanda nyumbani waende kwenye bustani za mimea, zile zinazotunza mimea ya aina nyingi yenye vibao vya majina, na waende kwa nia nyingine kabisa na ile ya kupiga picha za maua. Pale unaukuta mmea ukiwa mtu mzima. Unaona umenenepa wapi, umeinama upande gani, majirani gani wameweza kuishi nao na wepi wameshindwa. Bustani ya Padua, Italia, iliyoanzishwa mwaka 1545, bado inatunza mtende uliopandwa 1585. Bustani ya Kew, London, ina sikadi (mmea unaofanana na mtende mfupi) iliyoletwa na mkusanya mimea Francis Masson kutoka Afrika Kusini mwaka 1775, na mpaka leo inaishi kwenye chombo, haijapandwa ardhini. Hakuna kitalu kitakachokuonyesha mambo hayo.

Utaratibu ufuatao ndio ninaoufuata mimi. Unafaa uani, kwenye ukanda mwembamba kando ya ukuta, hata kwenye vyungu vya roshani.

Hatua ya 1: Ijue ardhi yako kabla ya kutoka

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Ukienda bustani ya mimea bila kujua kwako kukoje, utarudi na orodha ya mimea inayotamaniwa na macho tu.

Anza na jua. Chora ramani ya eneo lako kwenye karatasi, kwa mkono tu. Siku yenye anga safi, toka nje saa mbili asubuhi, saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi, na kila mara tia rangi sehemu zilizo kivulini. Jioni utaiona picha ambayo huenda hukuitarajia, hata kama umekaa hapo miaka. Pembe inayopata jua la moja kwa moja kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku ni ya jua kamili. Kati ya saa tatu na sita ni nusu kivuli. Chini ya hapo ni kivuli, na mimea inayotaka kuchanua sana haitakusikiliza hata ukiibembeleza kwa mbolea. Jua la asubuhi na jua la alasiri pia si sawa: saa nne za asubuhi ni za upole, saa nne za alasiri huunguza majani laini. Rudia zoezi hilo msimu mwingine, kwa maana njia ya jua angani hubadilika na kivuli cha ukuta huhama.

Kisha maji. Chimba shimo lenye kina cha sentimita 30 na upana kama huo. Lijaze maji, yaache yanywee yote, halafu lijaze tena na upime yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka sentimita 2 mpaka 5 hivi, mimea mingi itakaa hapo bila malalamiko. Yakishuka chini ya hapo, mizizi itakosa hewa wakati wa mvua. Yakishuka zaidi ya sentimita 10, ardhi yako haishiki maji na utalazimika kuiongezea mboji mara kwa mara au kuchagua mimea inayovumilia ukavu. Fanya jaribio hili sehemu mbili tatu tofauti. Nyumba nyingi zina kona moja ambako mafundi walizika kokoto na vipande vya matofali, na kona hiyo haifanani na nyingine yoyote.

Tatu ni udongo wenyewe. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, tia udongo theluthi moja, ongeza maji karibu ijae, weka tone la sabuni ya vyombo, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, halafu iweke mahali isiguswe. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi. Tope laini huchukua saa chache. Mfinyanzi unaweza kuchukua siku moja, hata mbili, na maji ya juu yakibaki na ukungu baada ya hapo ujue mfinyanzi wako ni mwingi. Pima kila tabaka kwa rula, uandike.

Upepo, mteremko, na mahali bomba la maji linapofika, viandike kwa kifupi pembeni mwa ramani. Ikunje, utaibeba.

Hatua ya 2: Nenda na swali

Moja au mawili, basi. "Ni nini kinaishi chini ya mti mkubwa palipo pakavu?" "Ni mmea gani utaziba ukuta huu bila kuvuka upana wa mita moja?" Swali la namna hiyo hukufanya upite maua hamsini bila kusimama na ukwame saa nzima kwenye kichaka ambacho hakuna anayekipiga picha.

Hatua ya 3: Anzia nje, si kwenye nyumba ya vioo

Nyumba za vioo ndizo zenye foleni, na ni haki yake; hata mimi huingia, mwishoni. Lakini kwa mpandaji wa nyumbani ile nyumba ni onyo: kila kilichomo humo kimefungiwa kwa sababu hali ya hewa ya nje haikipendi. Kuna joto linalopimwa, unyevu unaonyunyizwa, na mtu anayelipwa kuangalia vyote viwili. Vivyo hivyo kwa vibanda vya neti. Mmea ukiwekewa neti kwenye bustani yenye wataalamu, usidhani kwako utaishi bila neti hiyo.

Tafuta badala yake mimea iliyoachwa wazi, mbali na mipira ya maji. Bustani nyingi zina sehemu ya mimea asilia ya eneo lenyewe, na nyingine zimejengwa zote juu ya wazo hilo: Kirstenbosch ya Cape Town, iliyoanzishwa 1913, inajulikana kwa kushikilia mimea ya Afrika Kusini. Sehemu hizo ndizo za kwanza kuzitembelea, kwa sababu mimea yake inajua mvua na kiangazi cha hapo tangu kabla ya bustani kuwapo.

Nenda asubuhi mapema kama milango inaruhusu. Watunza bustani wako kazini wakati huo, na mtu aliyeshika mkasi wa kupogolea ana majibu ambayo hayamo kwenye kipeperushi cha mapokezi. Msalimie, mwache amalize alichokuwa anakifanya, kisha muulize swali lako moja. Mimi hupenda kuuliza, "Ni mmea gani hapa unaowasumbua?" Watu hufurahi kuulizwa hilo, na jibu lake huokoa fedha.

Hatua ya 4: Soma kibao mpaka mwisho

Kibao cha mmea kina mistari mitatu minne ambayo wageni wengi huisoma juujuu. Jina la maneno mawili, kwa utaratibu ulioimarishwa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753, ni jenasi (kundi la mimea ya ukoo wa karibu) na spishi (mmea wenyewe ndani ya kundi hilo). Lichukue lilivyo, herufi kwa herufi, kwa maana majina ya mitaani hubadilika kila baada ya kilometa chache na kitaluni unaweza kuuziwa kitu kingine kabisa. Neno la tatu likiwa ndani ya alama za kunukuu, hiyo ni aina iliyochaguliwa na wazalishaji, na tofauti yake inaweza kuwa kubwa: mti wa mita 15 una nduguye mwenye jina hilohilo asiyezidi mita mbili.

Neno la spishi nalo mara nyingi hudokeza makazi. Palustris ni wa kinamasi, saxatilis wa miambani, arenaria wa mchangani, montana wa milimani, maritima wa kando ya bahari, nana ni mfupi, repens hutambaa. Ukiona palustris na shimo lako la majaribio lilikauka kwa dakika kumi, endelea na safari.

Halafu kuna namba. Bustani zinazojiheshimu hutoa namba kwa kila mmea unaoingia, na mara nyingi tarakimu za mwanzo ni mwaka ulipopokelewa. Namba inayoanza na 1987 inakuambia kwamba unachokitazama ni kazi ya miaka isiyopungua thelathini na kitu. Sasa rudi nyuma, simama pale ncha ya tawi refu inapoishia, na upige hatua mpaka kwenye shina. Zidisha mara mbili. Huo ndio upana ambao mche wa kitaluni haukukutajia. Andika namba hiyo karibu na jina. Katika ziara nzima, kama nikiambiwa nirudi na kitu kimoja tu, ningerudi na vipimo hivyo.

Mwisho, mstari wa asili: nchi au eneo mmea ulikotoka. Hapa inafaa kukaa kidogo. Chukua Saintpaulia, kile kiua cha zambarau chenye majani ya manyoya kinachokaa kwenye vyungu vya madirishani duniani kote. Asili yake ni milima ya Afrika Mashariki, na Usambara ndiko mbegu zilikochukuliwa na Walter von Saint Paul-Illaire, aliyezituma kwa baba yake Ujerumani mwaka 1892; mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa mmea jina la familia hiyo. Kule msituni huota kwenye miamba iliyo kivulini, mahali penye hewa ya unyevunyevu, mizizi ikiwa imejishika kwenye udongo kidogo sana usiotuamisha maji. Ukilijua hilo, matunzo yote yanajipanga yenyewe. Hutaki jua kali dirishani, kwa hiyo mwanga uliochujwa na pazia unatosha. Hutaki chungu kikubwa, kwa sababu haukuzoea udongo mwingi. Hutaki maji yasimame chini, kwani mizizi itaoza. Maji ya baridi yakidondokea majani huacha mabaka, hivyo weka maji ya uvuguvugu kwenye kisahani, mmea unywe kwa chini kwa nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kukaririwa ukishaona ule mwamba akilini. Kwenye vibao vipya utaukuta umeandikwa Streptocarpus, maana wataalamu wameiunganisha jenasi hiyo na nyingine. Tafuta kwa majina yote mawili.

Hatua ya 5: Tazama chini

Macho ya wageni yako juu, kwenye maua. Ya kwako yaende kwenye shingo ya mti, pale shina linapokutana na ardhi. Inama. Kwenye mti uliotunzwa vizuri utaona shina likipanuka kidogo kabla ya kuingia ardhini, na mwanzo wa mizizi mikubwa ukionekana wazi. Matandazo ya majani au vipande vya gome yamesambazwa kwa duara pana, unene wa sentimita 5 mpaka 8 hivi, lakini hayagusi shina: kuna nafasi ya upana wa kiganja iliyo tupu. Kisha kumbuka miti ya nyumbani, ilivyozikwa shingo na kulundikiwa mabua mpaka gome likabaki limelowa mwaka mzima. Gome halikuumbwa kukaa kwenye unyevu. Huoza, wadudu huingia, na mti hudhoofika polepole kiasi kwamba hakuna anayeoanisha ugonjwa na chanzo chake.

Angalia pia nini kimepandwa chini ya miti mikubwa. Hapo ni pagumu kuliko pote, giza na ukame kwa pamoja, kwa sababu mizizi ya mti hunywa kila tone. Kinachoishi hapo kwa furaha kinastahili mstari kwenye daftari lako.

Na usipuuze sehemu zilizoshindwa. Kibao kilichobaki peke yake, mmea haupo, kinafundisha. Hata wenye mabingwa na maabara hupoteza mimea, na ukisimama hapo ukatafuta sababu (maji yanatuama? jirani ameunyima mwanga?) unajifunza bila kulipia.

Hatua ya 6: Usichume hata jani

Najua kishawishi. Kipandikizi cha sentimita 10 kinaingia mfukoni na hakuna anayeona. Lakini mmea ulio mbele yako una namba, na huenda ni mmoja kati ya michache iliyobaki. Encephalartos woodii, sikadi iliyopatikana na John Medley Wood mwaka 1895 katika msitu wa Ngoye, Afrika Kusini, haijawahi kupatikana ya kike. Yote iliyopo kwenye bustani za dunia ni ya kiume, na imetokana na mmea uleule mmoja. Kwenye mmea wa aina hiyo kila chipukizi lina hesabu yake.

Kuna sababu nyingine mbili za kawaida zaidi. Kipandikizi hubeba wadudu na magonjwa, kwa hiyo ukikivusha mpaka bila cheti cha afya ya mimea unavunja sheria za nchi nyingi. Okidi na sikadi, zaidi ya hayo, zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliosainiwa 1973. Ya pili ni kwamba mmea mpole sehemu moja huwa balaa kwingine. Gugumaji lililosonga Ziwa Victoria ni mmea wa Amerika ya Kusini uliosambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake, na Lantana camara ilitoka kwenye vitanda vya maua ikaingia malishoni na misituni. Kabla ya kupanda chochote cha kigeni, uliza kama kinajisambaza chenyewe kwa mbegu au mizizi. Mtunza bustani akisita kabla ya kujibu, umeshajibiwa.

Njia halali ipo: bustani nyingi zina kitalu au siku za kuuza miche ya ziada. Mche wa hapo una jina sahihi, na mama yake umemwona kwa macho yako.

Hatua ya 7: Panda kwa kipimo cha utu uzima

Nyumbani, toa ramani. Chukua mimea mitatu au minne tu kutoka daftarini, ile iliyojibu swali lako, na kwa kila mmoja chora duara lenye upana uliopima kwa hatua zako. Maduara yakigongana, mmoja anatoka. Hii ni sehemu chungu na hapana njia ya kuizunguka. Ardhi itaonekana tupu mwanzoni. Jaza mianya kwa mimea ya msimu mmoja au miwili ambayo itakuwa imeondoka mkubwa atakapohitaji nafasi yake.

Kupanda kwenyewe kuna mambo machache yasiyojadiliwa. Loweka mche na mfuko wake mpaka mapovu yaishe. Chimba shimo lenye upana mara mbili au tatu ya donge la mizizi, lakini kina kisizidi donge lenyewe, maana udongo uliotifuliwa chini hushuka baadaye na kuzamisha shingo. Ukitoa mfuko na kukuta mizizi inazunguka kwa duara, ifumue kwa vidole au ikate kwa wima sehemu tatu nne. Ikiachwa itaendelea kuzunguka mpaka ijikabe. Weka mche shingo ikiwa usawa wa ardhi au juu kidogo. Rudisha udongo uleule uliochimba. Watu hupenda kujaza shimo kwa mboji tupu, lakini mizizi ikionja anasa hiyo hukaa humohumo isitoke. Mboji iende juu, pamoja na matandazo. Mwagilia polepole, kwa wingi, mpaka udongo utue, kisha tandaza na uache ile nafasi ya kiganja.

Kwa msimu wa kwanza, mwagilia kwa kina na kwa nafasi, si kidogokidogo kila jioni. Kipimo ni kidole: kiingize sentimita 4 au 5, kikitoka kikavu mwagilia, kikitoka na udongo ulioshika subiri. Maji ya juujuu huvuta mizizi juu, na mizizi ya juu ndiyo ya kwanza kufa jua likikaza.

Wenye vyungu, sheria ni ileile ila duara ni dogo. Chungu kiwe na tundu chini. Ule mtindo wa kuweka kokoto chini ya udongo ili maji yatoke haraka hausaidii: maji hujikusanya kwenye udongo ulio juu ya kokoto, na unachofanya ni kuipunguzia mizizi nafasi. Jaza udongo mwepesi mpaka chini. Na usiwe na haraka ya kudai maua. Ile sikadi ya Kew ilitoa koni (sikadi haina maua, koni ndiyo hushika nafasi yake) mwaka 1819, na hiyo ni miaka arobaini na nne baada ya kufika.

Hatua ya 8: Rudi msimu mbaya

Ziara moja haitoshi, na ya pili ichague vibaya kwa makusudi: mwisho wa kiangazi, ardhi imepasuka, au katikati ya baridi kali kama uko kwenye nchi za baridi. Wageni wengine hawapo, watunza bustani wana muda wa kuzungumza, na mimea haina pa kujificha. Beba daftari lilelile. Piga picha ya kibao kwanza, kisha mmea, kwa mpangilio huo kila mara, la sivyo simu itajaa majani yasiyo na majina.

Linganisha kurasa mbili. Mmea uliokuwa mzuri safari zote mbili, bila kumwagiliwa kwa upendeleo, utengee nafasi ardhini. Uliokuwa mzuri mara moja tu na bado unaupenda, upe chungu, ili msimu ukigeuka uweze kuusogeza.